Umechorwa na Nani

Pale karakana nilitaka kitu kimoja tu, nacho kilikuwa na urefu wa sentimita sita na kimo cha milimita nane. Ni kile kijumba kinachokaa chini ya mchoro, kona ya mkono wa kulia, kilichoandikwa "Umechorwa na". Chini yake kuna "Umekaguliwa na", halafu "Umeidhinishwa na". Kwa miaka sita nilivichora vijumba hivyo vitatu kwa mkono wangu mwenyewe, mistari imenyooka, kona zimekutana bila kupitana, na kwa miaka sita jina lililoingia humo halikuwa langu.

Barua yangu ya ajira ilisema mimi ni mnakili. Kazi ya mnakili ni kutandika karatasi inayopitisha nuru juu ya mchoro wa mtu mwingine na kuifuata mistari yake kwa wino. Sawa. Lakini tangu Mzee Linus, mchoraji aliyenifundisha kazi, alipostaafu na kurudi kwao, huyo mtu mwingine hakuwepo tena. Nilipima mimi, nikachora kwa penseli mimi, nikatia wino mimi, kisha mkuu wa karakana akaandika jina lake. Wakuu walibadilika watatu, na kila nilipouliza niliambiwa, "Ndugu Dorkasi, wewe ni mnakili. Mnakili haandikwi." Waliniambia kwa upole, na ule upole ulinichoma kuliko matusi.

Sikatai, sifa nilizitaka. Lakini palikuwa na jambo jingine. Chuo kimoja cha ufundi kule Dar es Salaam kilikuwa kinachukua wachoraji walio kazini, na fomu yake ilidai mchoro mmoja wenye jina la mwombaji, jina lililoandikwa na mkuu wake wa kazi kwa mkono wake. Mchoro mmoja tu! Mimi nilikuwa nimechora zaidi ya mia mbili na sikuwa na hata mmoja. Fomu ilikaa kwenye droo yangu mpaka ikaanza kugeuka rangi ya chai.

Hayo yalikuwa mwaka sabini na tatu, Same, upande wa chini wa stesheni. Mtu asiyejua upepo wa Same hajui taabu ya kuchora kwa wino. Unafunga madirisha, unaziba nyufa kwa matambara, na bado vumbi linakuja kulala juu ya mstari wako ambao haujakauka. Nilikuwa na chupa ya wino mweusi, bikari mbili, rula ndefu ya umbo la T, na wembe. Wembe ndio ulikuwa ufutio wetu. Ukikosea wino unaukwangua taratibu, kisha unapasugua pale kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Mstari uliokwanguliwa jicho halitauona, lakini kidole gumba kikipita juu yake kitaujua.

Kilichonifunga na kazi ile ni makabati. Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, michoro yote ya shamba moja kubwa la huko tambarare ililetwa kwetu kwa lori, na Mzee Linus akaipanga kwa miaka. Chini kabisa kulikuwa na michoro ya wakati wa Mjerumani, si juu ya karatasi bali juu ya kitambaa chembamba kilichotiwa wanga kikawa kigumu. Imepakwa rangi, kijivu kwa chuma cha kumimina, bluu kwa chuma cha kufuliwa, manjano kwa shaba. Watu wale walipaka rangi mashine ya kusaga mkonge kama mtu anayepamba kadi ya harusi. Juu yake ilikuja ya Mwingereza, karatasi za bluu zenye mistari myeupe, zinanuka dawa mpaka leo, na vipimo vyake vya inchi na nusu inchi na robo ya nusu. Rangi hakuna, badala yake mistari ya mshazari kuonyesha mahali palipokatwa. Juu kabisa tulikaa sisi, karatasi nyeupe na milimita, kwa sababu serikali ilikuwa imeamua tuachane na inchi. Nusu ya maisha yangu pale niliitumia kuhamisha magurudumu na pampu kutoka inchi kwenda milimita, kana kwamba mashine nazo zinasubiri uhuru wao.

Mzee Linus alinifundisha pia kuutambua mkono wa mchoraji, kama mtu anavyotambua mwandiko wa barua inayotoka nyumbani. Na alinifundisha habari ya njia mbili. Hapa nitaeleza polepole, maana ndipo yalipoanzia yote.

Mashine huwezi kuichora kwa picha moja. Unachora inavyoonekana kwa mbele, halafu pembeni yake unachora inavyoonekana kwa ubavu. Swali ni picha ya ubavu uiweke upande gani. Wajerumani na Waingereza wa zamani waliona hivi: ukisimama kushoto kwa kitu ukakitazama, ulichokiona kichore kulia. Wamarekani wao waliona kwamba ulichokiona ukiwa kushoto kichore kushoto huko huko. Zote ni njia nzuri. Lakini ukiusoma mchoro wa hawa kwa njia ya wale, mbele inakuwa nyuma, na kiatu cha kulia kinageuka cha kushoto. Kwa hiyo pembeni huwekwa alama, ndoo iliyolazwa ubavu pamoja na duara mbili, moja ndani ya nyingine. Ndoo ikiwa kushoto na duara kulia, ni njia ya zamani. Duara zikiwa kushoto na ndoo kulia, ni ya Kimarekani.

Nilimfundisha alama hiyo Mzee Filipo, fundi wetu wa kumimina chuma. Alikuwa Mshana wa kule Mhezi, ukoo wa wafua chuma tangu enzi ambazo mchanga mweusi wa mtoni uliyeyushwa kwa mivukuto ya ngozi. Watu wa ukoo ule hawakuhitaji karatasi. Unampelekea jembe lililovunjika, analishika, analipima kwa kiganja, kesho unalo jipya. Alipoanza kazi kwetu aliitazama michoro yangu kwa dharau.

"Mwanangu, hii ni picha ya kitu," aliniambia. "Niletee kitu chenyewe."

Ilinichukua miaka miwili. Nilikaa naye saa ya chakula tukila makande, nikamchorea chini kwa kijiti, ndoo na duara, ndoo na duara. Nikamwambia, baba, jambo la kwanza tazama alama, na ukishaiona, iamini. Usiamini kumbukumbu yako wala mtu anayekusimamia pembeni. Amini alama. Mwishowe akawa msomaji wa michoro kuliko vijana waliotoka shule. Niliona fahari sana, na fahari hiyo ndiyo iliyokuja kunitia kitanzi.

Mwezi wa pili mwaka ule pampu ya kijiji cha ujamaa cha Maore ilipasuka kasha. Mashamba mapya ya mpunga yalikuwa juu ya mfereji na bila pampu hayapati tone. Miche ilikuwa kitaluni, ikingoja kuhamishwa. Kasha la pampu lina umbo la nyumba ya konokono. Maji yanaingia kwa mdomo ulio ubavuni, yanazungushwa, yanatokea mkiani. Ndani ya makabati yangu ulikuwemo mchoro wa kasha lile, karatasi ya bluu, inchi, kwa sababu pampu yenyewe ilitoka kwenye lile shamba la mkonge.

Mkuu wetu wakati huo alikuwa Bwana Method. Nisimwonee. Alikuwa mtu safi, hakula hongo, alisoma Amerika miaka minne na alitaka karakana yetu iwe karakana kweli. Aliniita akasema, "Ndugu Dorkasi, uhamishe kwenye milimita, uchore upya. Kasha hili likisukuma maji, kwenye kijumba nitaandika jina lako."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia.

Sijawahi kuchora vile. Siku tisa. Konokono yule nilimzungusha kwa bikari kituo baada ya kituo, hata nzi akitua juu ya ubao nilimwomba kwa adabu aondoke. Mzee Filipo alikuwa ameshaanza kuchonga kielelezo cha mbao cha kugandamizia udongo wa kalibu, lile umbo la kumiminia chuma. Mwili wa konokono aliumaliza mapema kwa sababu haukuwa na ubishi. Kilichobaki ni ule mdomo wa kuingizia maji, kipande cha mbao cha duara, ambacho kingepigiliwa mbele ya konokono au nyuma yake. Picha ya mbele kwenye mchoro ilikuwa imechorwa imekatwa katikati kama papai, kwa hiyo yenyewe haikuweza kukuambia mdomo uko upande gani. Picha ya ubavu ndiyo iliyoweza, na picha ya ubavu ilitegemea alama.

Mchoro wa zamani haukuwa na alama. Mimi nikaweka ndoo kushoto, duara kulia.

Ijumaa mchana Bwana Method akaniita. Mchoro wangu ulikuwa mezani kwake.

"Hii alama umeitoa wapi?"

"Ni njia ya zamani, Bwana Method. Mchoro ule ni wa Mwingereza."

"Pampu ni ya Kimarekani. Nimeona jina la kiwanda kwenye kumbukumbu. Wamarekani hawachori hivyo. Hilo nimelisoma miaka minne."

"Pampu ni ya Kimarekani, ndiyo. Lakini mchoro haukutoka kiwandani. Umechorwa pale shambani na mhandisi wao baada ya pampu kununuliwa. Mkono wake naujua, ana michoro arobaini kabatini. Tarakimu ya saba huiandika hivi, na mistari yake..."

"Mkono wake unaujua." Akatabasamu. "Ndugu Dorkasi, uhandisi si kutambua miandiko."

"Basi tupeleke mtu Maore akalitazame kasha la zamani. Lipo kule."

"Tukianza kuchungulia vyuma chakavu, tutakuwa na tofauti gani na wahunzi wa milimani? Mchoro upo ili tusihitaji kile kitu."

Akafungua droo yake, akatoa wembe, akaikwangua alama yangu mbele ya macho yangu. Mkono wake ulikuwa mzito, alikwangua kama mtu anayekwangua ukoko wa wali. Kisha akachora duara kushoto na ndoo kulia, bila rula. Nilihisi machozi ya hasira yakinipanda nikayameza, kwa maana mwanamke akilia ofisini ameshashindwa hoja hata kama hoja ni yake. Nilimwambia tu kwamba akigeuza alama inabidi na picha ya ubavu ihamishwe upande wa pili. Akasema haihitajiki, kwa kuwa mchoro ulikuwa wa Kimarekani tangu mwanzo. Kwa mtazamo wake alikuwa sahihi, na hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mzee Filipo. Hakuwepo. Alikuwa Msabato, na Ijumaa huwahi nyumbani kabla jua halijazama.

Jumamosi alfajiri nilipanda basi la Gonja, linalopita Maore, bila ruhusa ya mtu. Barabara ile ya kuzunguka mlima nisiieleze. Nilifika Maore saa nne, nguo rangi ya udongo, nikaulizia mtunza pampu. Alikuwa bwana mmoja anaitwa Hamisi, mtu wa Tabora aliyekuja zamani kukata mkonge, mkonge ukamchosha akabaki na mashine.

"Karibu dada. Umetoka serikalini?"

"Nimetoka karakana ya Same. Naomba kuona kasha lililopasuka."

"Kuku ameshalifanya nyumba," akasema, akaniongoza nyuma ya banda.

Kweli kuku alikuwa ameatamia ndani ya konokono. Hamisi akamtoa, akanipangusia kasha kwa shati lake. Nililizunguka mara tatu. Mdomo ulikuwa mbele. Mbele! Mahali pale pale ambapo alama yangu iliuweka. Nilimkumbatia kuku, kwa kuwa Hamisi nisingeweza kumkumbatia. Nililichora kwenye daftari, nikaandika vipimo, nikamwomba Hamisi atie sahihi chini yake. Alinionyesha pia kitalu. Wanawake walikuwa wanabeba maji kwa ndoo kutoka mferejini, wakinyunyiza miche kwa kata, na mmoja wao, Lukia, akaniuliza kama pampu itafika wiki hiyo.

"Itafika," nikamwambia. "Na itakuwa nzuri."

Nilirudi Same jua linazama. Njia ya kwangu inapita karibu na nyumba ya Mzee Filipo, na nilisikia familia yake ikiimba wimbo wa kuifunga Sabato. Nilisimama. Ningeweza kubisha hodi. Nilikuwa na njaa, nina vumbi hadi kwenye kope, na nilijiambia mzee yuko kwenye ibada yake, nisimpelekee mambo ya vyuma. Kesho ni Jumapili, karakana imefungwa. Jumatatu asubuhi nitamkuta mezani na daftari langu. Nimelirudia wazo hilo maisha yangu yote na kila mara naliona lilikuwa la busara, na kila mara nalichukia.

Jumapili nilikwenda kanisani, kanisa letu la Kilutheri. Tulipotoka, watu wanapeana mikono, niliona moshi mweusi unapanda kutoka upande wa stesheni. Tanuru yetu tu ndiyo ilikuwa na moshi wa namna ile. Nilikimbia na viatu vya kanisani, kitabu cha nyimbo mkononi, na watu walidhani nyumba yangu inaungua.

Nilimkuta Mzee Filipo amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jasho linamtiririka, ameridhika. Kalibu lilikuwa chini, linatoa mvuke.

"Shikamoo baba. Umemimina?"

"Marahaba mwanangu. Nimemimina. Bwana Method alinipa ufunguo Ijumaa, na mchoro nimeukuta leo mezani kwangu. Alisema Jumatano kuna mgeni wa mkoa Maore, na kwa kuwa mimi Jumamosi sifanyi kazi, nifidie leo. Kwangu Jumapili ni siku kama nyingine."

Kwake Jumapili ni siku kama nyingine! Miaka yote nilimjua ni Msabato, na akili yangu ya Kilutheri haikuweza kufikiri kwamba mtu anaweza kuwasha tanuru siku ya Bwana.

"Mdomo umeuweka wapi, baba?"

"Nyuma. Nilishangaa kidogo, maana pampu nyingi nilizoziona mdomo uko mbele. Lakini nilitazama alama." Akaniangalia kama mwanafunzi anayengoja kusifiwa. "Duara kushoto. Nikaiamini."

Nilikaa chini, kwenye mchanga wa kalibu, na gauni la kanisani.

Jumatatu nilimwekea Bwana Method daftari mezani, lina sahihi ya Hamisi. Hakulifungua. Aliniuliza nani alinipa ruhusa ya kwenda Maore. Nikamwambia kasha liko kinyume, tulimimine upya, siku nne zinatosha. Akasema mgeni ni Jumatano, chuma kimeshapakwa rangi, na mnakili aliyetoroka kazini Jumamosi hana haki ya kusimamisha kazi ya taifa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika.

Jumatano walilipeleka kwa gari, rangi ya kijani inang'aa. Mimi nilikaa nyuma pamoja na vyuma. Hamisi alilipokea kasha, akaligeuza huku, akaligeuza kule, akanitazama mimi badala ya Bwana Method.

"Dada, hiki ni kiatu cha mguu mwingine."

Walilifunga hivyo hivyo. Lilikubali kufungika, ila mkia wake uliokuwa utazame mashambani ulitazama ukuta wa banda. Bwana Method akasema waunge bomba la kuzunguka. Wakaunga. Injini ikawashwa, mgeni wa mkoa akasimama na mwavuli, wanawake wakapiga vigelegele. Ndani ya kasha maji yalizungushwa kwenda upande mmoja na konokono akiyaelekeza upande mwingine, na kilichotoka kwenye bomba ni kikohozi na povu la kujaza bakuli. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Lukia alichukua ndoo yake akarudi mferejini.

Kamati ya uchunguzi ilikaa Same Jumatatu iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa Mzee Tumainieli, mtu wa haki, mwalimu mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mchoro wangu ulitandazwa mezani. Niliutazama kwenye kona.

Kwenye kijumba cha "Umechorwa na" palikuwa na jina. *Dorkasi Naftali.* Wino bado mbichi. Herufi zilikuwa zimelala kila moja upande wake, D kubwa kuliko kijumba chenyewe, mkia wa f umevuka mstari. Aliyeliandika hakupiga hata mistari miwili ya kuongozea. Kwenye "Umekaguliwa na" na "Umeidhinishwa na" palikuwa patupu.

"Hili ni jina lako?" Mzee Tumainieli akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Bwana Method anasema mchoro ulikuwa wako, na hakuwahi kuukagua kwa sababu ya haraka. Lakini hapa kwenye faili naona wewe ni mnakili." Akavua miwani. Alikuwa ananionea huruma, nami niliiona. "Binti yangu, kama ulinakili tu mistari ya mtu mwingine, sema. Nitaandika kwamba hukuwa mchoraji, na jambo hili kwako litaishia hapa."

Nilimtazama Bwana Method. Alikuwa anatazama dirisha. Njia ilikuwa nyeupe kabisa. Sentensi moja, na ningetoka pale bila doa: mimi ni mnakili. Nao wangeiandika na kuipiga muhuri, na tangu siku hiyo hakuna mtu duniani ambaye angeweza kusema niliwahi kuchora kitu. Konokono wangu, siku tisa, michoro mia mbili, vyote vingekuwa vya mtu mwingine kwa kauli yangu mwenyewe. Nilisikia hasira imenijaa mpaka kwenye vidole.

"Nimeuchora mimi," nikasema. "Wote. Alama hiyo ya kona sikuiweka mimi. Ilikwanguliwa kwa wembe. Pitisha kidole gumba hapo, mzee, utasikia."

Mzee Tumainieli alipitisha kidole. Kilikuwa kidole cha mwalimu aliyelima miaka arobaini, kigumu kama pembe.

"Nasikia karatasi," akasema kwa masikitiko.

Katibu alikuwa ameandika "Nimeuchora mimi", akaweka nukta. Yaliyofuata hakuyaandika. Niliyaona maandishi yake kichwa chini miguu juu, na nina uzoefu wa kusoma vitu kutoka upande usio wake.

Nilipewa onyo la maandishi, nikaondolewa kwenye ubao wa kuchorea, nikapelekwa stoo kuhesabu misumari. Bwana Method hakunisemesha tena, naamini kwa aibu, maana nimesema alikuwa mtu safi. Mzee Filipo ndiye aliyepanda basi la Gonja. Alimtoa kuku, akalibeba lile kasha bovu mpaka Same, akaligandamiza lenyewe kwenye udongo na kumimina jingine, bila karatasi, kama babu zake. Lilisukuma maji siku ya kwanza. Nusu ya miche ilikuwa imeshakauka. Alikuja stoo kuniambia, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Nisamehe mwanangu. Ningekumbuka pampu nilizoziona."

"Nilikuambia usikumbuke, baba."

"Ndiyo. Uliniambia."

Stoo ndiko walikohamishia makabati. Siku moja ya mwezi wa sita, katikati ya misumari ya inchi nne ambayo sasa iliitwa ya milimita mia, nilifungua droo ya juu nikaukuta mchoro wa konokono umekunjwa. Niliutandaza juu ya kreti. Nikachukua wembe nilioununua dukani kwa hela yangu, nikazikwangua duara za Bwana Method, taratibu, safu kwa safu, na lile gamba alilolichubua nikalisugua kwa ukucha mpaka likalala. Nikachora ndoo kushoto, duara kulia. Sasa mtu yeyote atakayelimimina kasha kutoka kwenye mchoro ule atapata maji.

Kisha nikalitazama lile jina. D inavimba nje ya kijumba, f imevuka mstari. Wembe ulikuwa bado mkononi na mkono uliniwasha. Dakika tano tu ningelikwangua, nikapiga mistari miwili ya kuongozea, nikaliandika kwa herufi zilizosimama wima kama nilivyofundishwa. Niliuweka wembe chini. Lilikuwa limeandikwa na mkuu wangu wa kazi, kwa mkono wake, na hivyo ndivyo fomu ya chuo ilivyotaka. Niliipangusa fomu vumbi, nikaukunja mchoro pamoja nayo, nikaenda posta.